Santuri kuukuu iliyochakaa: namna ya kujua thamani yake

Mzee mmoja wa Chumbageni, hapa Tanga, alinijia na kasha la bia lililofungwa kwa kamba ya katani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nitazamie hizi. Wajukuu wanasema ni takataka, na mimi nasikia Wazungu wananunua. Nani mkweli?"

Juu ya kasha zilikuwa LP (santuri kubwa) mbili za Jim Reeves, mwimbaji wa Marekani, na moja ya kundi la Boney M., zimevikwa nailoni, zinang'aa. Hizo ndizo alizozitoa kwanza, kwa mikono miwili. Chini kabisa zililala singo (santuri ndogo) kumi na saba, hazina hata bahasha, zimebebana uso kwa uso, nyingine zimeandikwa jina lake kwa kalamu ya wino juu ya lebo. Hizo alizionea haya. "Zimeliwa hizo," aliniambia. "Tulizipiga mpaka zikachoka."

Jioni ile tulipomaliza, zile tatu za juu hazikufikia bei ya singo moja ya chini. Jim Reeves alipendwa Afrika Mashariki nzima, santuri zake zimejaa kwenye makabati ya wazee kuanzia Kampala mpaka Lindi, na duniani zimechapwa kwa wingi usio na hesabu. Singo za Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, bendi za hapa hapa Tanga, zilichapwa kidogo, zikapigwa sana, na nyingi zilishavunjika au kutupwa. Kwa hiyo ukikuta santuri imechakaa, usianze kwa kuuliza imechakaa kiasi gani. Anza kwa kuuliza: wimbo huu, ukiacha hapa, unapatikana wapi tena? Ukishapata jibu ndipo uchakavu upimwe, na upimwe kwa sikio kuliko jicho. Nitaeleza ninavyofanya mimi, hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza: jua umeshika nini

Usisafishe kitu bado. Zigawe kwa ukubwa na uzito. Singo ina upana wa inchi 7 na huzunguka mara 45 kwa dakika. LP ina inchi 12, mizunguko 33 na theluthi. Zote mbili ni za plastiki ya vinaili, ukizishika kingo mbili zinakubali kupinda kidogo. Halafu kuna zile za gramafoni ya kuzungusha kwa mkono: nyingi zina inchi 10, nzito, ngumu kama kigae, mizunguko 78 kwa dakika. Hizo zimetengenezwa kwa shelaki, utomvu wa mdudu uliochanganywa na unga wa mawe. Ukiipinda inavunjika, ukiiangusha inavunjika. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya HMV, nyimbo zake zilitoka katika sahani za aina hii, na za kampuni ya Ngoma ya Léopoldville (Kinshasa ya leo) za miaka ya mwisho ya 1940 na ya 1950 ni za aina hii pia.

Kutenganisha huku si mapambo. Namna ya kuosha ni tofauti, sindano ni tofauti, hata rangi ya uchakavu ni tofauti. Sahani ya shelaki iliyochoka haionyeshi mikwaruzo sana, inapauka. Gramafoni ya zamani iliikandamiza kwa uzito wa zaidi ya gramu 100 kupitia sindano ya chuma, na sindano hiyo ikala mng'ao wa mifereji, ile mistari inayobeba sauti. Ukiiona ina ukanda wa kijivu palipo na sauti kubwa, na weusi mzuri pembezoni, basi umeona ilipoliwa.

Hatua ya pili: isome lebo kama unavyosoma hati ya kiwanja

Andika kila kitu kilichopo: jina la bendi, majina ya nyimbo ya pande zote mbili, jina la kampuni, namba ya santuri, jina la mtunzi likiwepo. Kisha inamisha sahani kwenye mwanga utazame ile sehemu laini kati ya mwisho wa wimbo na lebo. Humo kuna namba na herufi zilizochongwa au kugongwa. Ziandike kama zilivyo, na alama zake zote. Lebo mbili zinaweza kufanana, lakini namba hizo ndizo zinazotofautisha chapa ya kwanza na ya baadaye.

Usishtuke ukikuta singo ya bendi ya Tanga, Morogoro au Dar es Salaam imeandikwa kuwa imetengenezwa Kenya. Kiwanda cha kuchapa santuri kilikuwa Nairobi. Bendi zetu zilirekodi redioni Dar es Salaam au zilisafiri kwenda studio za Nairobi, na sahani zikarudi huku kuuzwa. Hiyo si bandia.

Kinachopasa kukushtua ni msimbo wa mistari, ule wa kupitishwa kwenye mashine ya dukani. Jalada la mwaka 1968 haliwezi kuwa nao. Ukiuona, umeshika toleo lililorudiwa. Kwa miaka ya karibuni muziki wetu umerudiwa sana Ulaya: mfululizo wa Zanzibara wa Buda Musique ya Ufaransa, mkusanyo wa Kenya Special wa Soundway ya Uingereza uliotoka mwaka 2013, na mingine. Watu hudhani toleo jipya linaua bei ya ile ya zamani. Nilivyoona mimi, mara nyingi linaiamsha: msikilizaji wa Berlin au Tokyo anausikia wimbo kwa mara ya kwanza, anaupenda, anaanza kuitafuta sahani yenyewe.

Jambo jingine la kujua: wimbo uliovuma si lazima uwe ghali. "Sina Makosa" ya Les Wanyika iliuzwa kila mahali, kwa hiyo nakala zake zipo. Bei hupanda kwenye nakala yake iliyo safi, maana ilipigwa kila arusi. Lakini ile singo ambayo hakuna anayeikumbuka, ya bendi iliyodumu miaka miwili, inaweza kuwa na thamani hata ikiwa na makovu.

Hatua ya tatu: ioshe, usiikwangue

Vumbi la miaka arobaini hutoa kelele kama mkwaruzo halisi. Ukiisikiliza chafu utaipa daraja isiyo yake.

Tumia maji yasiyo na chumvi. Maji ya bomba ya pwani yakikauka huacha weupe ndani ya mifereji. Maji ya betri yanayouzwa vituo vya mafuta yanafaa, ila hakikisha umepewa maji na si tindikali, kwa sababu vyote viwili huuzwa kwa ajili ya betri na chupa zake zinafanana. Tia tone moja la sabuni laini ya vyombo kwenye nusu lita. Lowesha kitambaa laini, futa kwa kufuata mzunguko wa mifereji, usikate katikati. Lebo usiiloweshe, wino wake hutoka. Suuza kwa maji yale yale bila sabuni, simamisha ikauke kivulini.

Ukungu mweupe, ambao sisi wa pwani tunaujua kwa majina yote, hutoka kwa kuosha mara mbili au tatu. Mara nyingine huacha madoa ambayo jicho linayaona na sindano haiyasikii.

Shelaki usiiguse kwa spiriti hata kidogo. Spiriti huyeyusha shelaki, na utakuwa umeufuta wimbo kwa mkono wako. Iliyopinda nayo usiianike juani wala usiipigie pasi. Nimeletewa sahani zilizonyooshwa kwa pasi. Zilinyooka kweli, zikawa bubu.

Hatua ya nne: itazame chini ya taa moja

Zima taa nyingine zote, bakiza balbu moja yenye mwanga mkali. Shika sahani kwa kingo, izungushe polepole huku ukiinamisha. Mwanga wa jua uliotawanyika unaficha. Balbu moja inafichua.

Mikwaruzo mingi myembamba kama nywele, inayokwenda huku na huku, hutokana na kuingizwa na kutolewa kwenye bahasha. Inatisha kuitazama, lakini mara nyingi haisikiki. Unaopaswa kuuogopa ni mmoja wenye kina. Pitisha ukucha juu yake taratibu mno. Ukucha ukikwama, sindano itakwama. Na mkwaruzo unaofuata mfereji ni mbaya kuliko unaoukata, kwa sababu unaokata hutoa mlio tu, ila unaofuata huipeleka sindano njia nyingine, wimbo ukarudia neno moja mpaka mtu ainuke.

Tazama pia tundu la katikati. Likiwa limepanuka na kingo zake zimechubuka, sahani iliwekwa na kutolewa mara nyingi. Hapo utarajie mifereji iliyochoka hata kama uso unang'aa. Chunguza kingo za zile za shelaki kwa kidole, ufa mwepesi kama uzi wa buibui huanzia pale.

Hatua ya tano: isikilize, yote

Hapa ndipo watu wanapofanya uvivu, na hapa ndipo thamani ilipo.

Sindano kwanza. Santuri za vinaili zinahitaji sindano nyembamba, ya maikromita 18 hadi 25. Zile za 78 zinahitaji nene, ya maikromita 75 hivi. Ukiipiga 78 kwa sindano ya LP, ncha itazama mpaka chini kabisa ya mfereji palipojaa taka, nawe utasema sahani imekufa kumbe hujaisikia. Kicheza santuri kiwe na mkono unaokandamiza gramu 2 hivi. Vile vya bei ya chini vinavyofanana na kisanduku cha safari huikandamiza sahani kwa uzito zaidi. Visitumike kwa sahani unayotaka kuiuza.

Sasa sikiliza kelele na uzitofautishe. Mlio wa tak, tak, tak unaorudi kwa mpigo sawa ni mkwaruzo. Uhesabu. Kwenye singo mzunguko mmoja huchukua sekunde moja na theluthi, kwenye LP sekunde 1.8. Milio sita kwenye singo, basi, ni sekunde nane tu za usumbufu, nawe unaweza kumwambia mnunuzi: upande wa kwanza, mwanzoni, milio sita. Hilo litamtuliza kuliko sifa yoyote. Vijilio vidogo visivyo na mpangilio, kama chumvi ikitupwa kwenye makaa, ni vumbi au umeme wa msuguano. Osha tena.

Kelele ya tatu ndiyo mbaya, na haionekani kwa macho. Ni pale sauti yenyewe inapopasuka. Mwimbaji akipandisha, anakuwa kama anaimba ndani ya debe. Tarumbeta zikiingia, zinachanika. Huo ni mfereji ulioliwa, na hakuna maji wala sabuni ya kuurudisha. Mimi husikiliza herufi s. Kiswahili kimejaa s: sina, sisi, usiku, siku. Kwenye sahani nzima s inakatika safi. Kwenye iliyoliwa inatoka kama kitambaa kinachochanwa. Sikiliza hasa mwisho wa kila upande, karibu na lebo, kwa sababu huko mduara ni mdogo, mawimbi ya sauti yamebanana, na sindano mbovu huanza kula kutokea huko.

Na singo zetu zina tabia yake. Wimbo mrefu uligawanywa: sehemu ya 1 upande mmoja, sehemu ya 2 upande wa pili. Masimulizi yapo sehemu ya 1. Sehemu ya 2 magitaa yanachanganya, na hapo ndipo watu walipoinuka kucheza. Katika zile singo kumi na saba za mzee, kumi na moja zilikuwa zimechoka zaidi upande wa pili. Nilipomwonyesha alitabasamu akasema, "Upande ule hatukuwa tukiuachia uishe." Kwa hiyo usitoe daraja kwa kusikiliza upande wa kwanza peke yake. Mimi niliwahi kuuza singo ya dansi kwa kusikiliza sehemu ya 1 tu, nikaisifu. Ikarudishwa kutoka ng'ambo, nikalipa nauli ya kwenda na kurudi. Tangu siku ile nasikiliza pande zote mpaka mwisho, kalamu mkononi.

Hatua ya sita: ipe daraja

Wanunuzi wa dunia nzima wanatumia mizani iliyoenezwa na jarida la Goldmine la Marekani. NM (Near Mint) ni sahani karibu isiyo na kasoro, kana kwamba imetoka dukani jana. VG+ (Very Good Plus) imetumika kwa adabu: mistari ya kuonekana kwa jicho tu, kelele kidogo sana. VG (Very Good) ina milio inayosikika wimbo ukipoa, lakini muziki uko juu ya kelele. G (Good) inapigika bila kuruka, ila kelele haikuachi. F (Fair) na P (Poor) zinaruka, zina ufa, zimepinda vibaya.

Jua kwamba G, ambayo ni ufupisho wa neno la kusifia, yaani "nzuri" kwa Kiingereza, hapa ni sahani iliyochoka kabisa. Wauzaji wengi wa kwetu hupotea hapo, wanaona sahani "nzuri" wanaandika G, wanajipunja. Au wanapenda wimbo wanaandika NM, wanaharibu jina lao. Singo ya dansi ya Afrika Mashariki iliyo NM kweli kweli nimeiona mara chache sana. Ukisita kati ya madaraja mawili, andika la chini.

Jalada lipewe daraja lake peke yake. Kwa LP lina uzito mkubwa, na lililoliwa na mende au mchwa huangusha bei vibaya. Kwa singo zetu halina uzito huo, nyingi ziliuzwa kwenye bahasha ya karatasi ya kampuni isiyo na picha. Jina lililoandikwa kwenye lebo hupunguza kidogo. Watu waliandika majina kwa sababu santuri ziliazimwa kwenye arusi na lazima zirudi kwa wenyewe. Mnunuzi ukimweleza hivyo, wengine huipenda zaidi.

Hatua ya saba: tafuta bei

Ingia Discogs, tovuti ya kuorodhesha na kuuza santuri, tafuta kwa namba ya santuri na zile zilizochongwa, siyo kwa jina la bendi tu. Ukiipata, achana na bei ambazo watu wanaomba. Anayeomba dola 300 anaweza kuomba mpaka uzeeni. Fungua historia ya mauzo utazame zilizouzwa kweli, kila moja na daraja lake. Tovuti ya Popsike nayo huhifadhi bei za minada iliyopita.

Kisha fanya hesabu. Kwa kanuni ya Goldmine, NM ikiwa asilimia 100, VG+ ni 50, VG ni 25, G ni 10 hadi 15, na F na P ni kati ya 5 na sifuri. Tuseme nakala ya VG iliuzwa dola 20. NM yake ingekaribia dola 80. Yako ukiipima ni G, basi ni dola 8 hadi 12.

Kanuni hii inafaa kwa Jim Reeves na Boney M., ambapo mnunuzi anaweza kusubiri nakala safi. Haifai kwa singo ambayo Discogs inaonyesha imeuzwa mara mbili tu, au haimo kabisa. Pale hakuna nakala safi ya kusubiri, na G inayopigika inaweza kufikia theluthi ya bei ya nzuri, au zaidi. Ukikuta sahani haimo popote, usiuze siku hiyo. Piga picha za lebo zote mbili, weka sauti ya nusu dakika, uwaulize watu wawili watatu wanaokusanya muziki wa aina hiyo. Anayekimbilia kukutajia bei kwa furushi zima, au kwa kilo, amekwisha kuiona moja anayoitaka ndani yake.

Kwenye bei utakayoipata toa ada ya mtandao na gharama ya posta. Singo ya dola 6 kutoka Tanga kwenda Ulaya haiuziki peke yake. Ziuze kumi pamoja. Singo husafiri katikati ya vipande viwili vya boksi gumu, ikiwa nje ya bahasha yake ili isiichane. LP vilevile.

Kabla haijaondoka nyumbani

Irekodi. Sahani ikitoka nchini hairudi. Unganisha kicheza santuri na kompyuta, hifadhi faili la WAV (sauti isiyobanwa), biti 24, bila kuifuta kelele. Kelele inaweza kufutwa baadaye na mtu mwenye vyombo bora. Kilichofutwa vibaya hakirudishwi. Nakala hiyo ni ya kusikiliza nyumbani na kuhifadhi. Kumiliki sahani si kumiliki wimbo, na mtunzi au warithi wake wana haki yao, COSOTA hapa Tanzania na KECOBO kule Kenya ndizo taasisi za hakimiliki za kuuliza.

Mzee aliuza singo tisa. Sita alirudi nazo, na moja niliirekodi kabla sijamrudishia, ya P, inaruka mara nne upande wa pili. Hiyo hakutaka hata kusikia bei. Ya kumi na saba ilikuwa imevunjika vipande vitatu. Nilivikusanya, nikaviunga kwenye meza, nikapiga picha ya lebo yenye jina la wimbo, mtunzi na namba, kwa sababu namba ile sijaiona kwingine. Nawe ukikuta vipande, fanya hivyo kabla ya kuvitupa.